Na Mengineyo

Changamwe,
9 Februari 1948

Dada yangu Kahaso,

Shikamoo. Natumai wewe na mwanao Kache hamjambo huko Kisauni. Utashangaa kupata barua yangu, na hali mimi nawe tunakaa mwendo wa asubuhi moja. Mara mbili mwezi huu nimevaa shati langu la kanisani nikaja hadi daraja la Nyali. Mara ya pili nilivuka mpaka katikati, nikageuka. Ndiyo maana naandika, kwa mkono huu uliofundishwa na wewe kuandika.

Dada, nimeokoka. Tangu Oktoba sijatia tembo la mnazi kinywani. Wewe wajua nilivyokuwa. Wajua siku nilizolala kwenye njia ya Jomvu watu wakiniruka kama gogo. Asubuhi moja alinikuta hapo Mwalimu Musyoka, yule Mkamba anayefundisha darasa la ubatizo huku kwetu, nami nimejitapikia. Alinivua shati akaliosha kwa mikono yake, akanivisha lake, wala hakunihubiria. Kesho yake nilimfuata kumwuliza kwa nini. Tangu hapo sijamwacha.

Anatufundisha kwamba kabla ya ubatizo kila mtu amrudie aliyemkosea. Nimekwenda kwa mwenye mangwe nilikokuwa nikinywa, niliyemvunjia mitungi yake ya mnazi. Nimekwenda kwa jirani niliyemtukania mkewe. Wamenisamehe wote. Umebaki wewe.

Yale marobota mawili ya mablanketi ya jeshi, yaliyokutwa chini ya kitanda chenu mwaka wa 1945, niliyaiba mimi. Mumeo Kombe hakujua lolote. Wewe ulikuwa matangani Rabai, yeye yuko kazini, nami nilijua ufunguo mnauweka wapi. Nyumba yangu askari walikuwa wameizoea, ya kwenu hawakuijua. Nilikusudia kuyatoa Jumamosi. Walikuja Ijumaa, wala sijui ni nani aliyewaelekeza. Waliponiuliza nilisema nilimwona Kombe akiyabeba, na kortini nikainua mkono nikaapa hivyo hivyo. Alinitazama tu, hakunitukana. Alipopewa miaka minne alikuwa bado ananitazama.

Sasa nimekwambia. Naomba uniandikie neno moja la msamaha, nibatizwe Pasaka nikiwa na moyo mweupe. Jina nililochagua ni Tito.

Ni mimi nduguyo,
Masha wa Ruwa


Kisauni,
18 Februari 1948

Masha,

Barua yako niliipokea Ijumaa kwa karani wa misheni. Niliisoma nimesimama, nikairudia nimekaa, kisha nikaitia kifuani nikaenda kufundisha watoto kusoma, kwa sababu saa ilikuwa imefika.

Unataka neno moja. Nami nitakwambia ninalolifikiria tangu Ijumaa. Siku ya hukumu tulirudi kutoka kortini kwa miguu, mimi na wewe, na pale kwenye kilima cha Changamwe nilikuwa siioni njia kwa machozi. Ulinishika mkono ukaniongoza mpaka nyumbani. Nikakupikia. Ukala, ukaomba uongezewe.

Kisha kwa miaka miwili ulikuja kila mwisho wa mwezi na kibaba cha unga na samaki wa kukaanga. Nami nilikusifu mbele za watu. Nilisema, huyu ni mlevi, lakini anamjua dada yake. Nilimwambia Kache kwamba mjomba wake ndiye baba yake.

Mimi si wa kwanza wa kukusamehe. Kombe yuko huko bara anavunja mawe. Nenda bomani, mbele ya mtu mwenye kalamu na mhuri, useme yale uliyoniandikia. Useme na ulivyoapa. Ukishafanya hivyo, niandikie, nami nitaona nina neno gani.

Usije huku. Usimletee mtoto chochote.

Kahaso


Changamwe,
3 Machi 1948

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara nyingi. Maneno yako ni ya haki, sibishani nayo.

Lakini sikiliza, dada. Niliwaeleza wazee wa kanisa, si yote, niliwaambia tu kwamba kuna jambo la zamani la serikali. Walishauriana. Wakasema dhambi niliyoitubia Mungu ameitupa mbali, na kwamba watu wa huku wanatutazama sana sisi tuliookoka, wanangoja tuanguke wacheke. Walisema nikikamatwa kabla ya Pasaka darasa zima litapata jina baya. Mwalimu Musyoka peke yake alikuwa akitazama chini.

Tena kuna kazi. Nikitiwa ndani nitafukuzwa reli na chumba kitachukuliwa. Miezi mitano hii ndiyo ya kwanza katika maisha yangu ya utu uzima ambayo naamka najua nililala wapi. Naogopa, dada. Naogopa jela itanirudisha kwenye mnazi.

Nimefikiri hivi: nibatizwe kwanza nipate nguvu, kisha niende. Na Kombe miaka yake minne haiko mbali kwisha. Huenda wakampunguzia kwa tabia njema, akatoka mwenyewe kabla hata karatasi zangu hazijafika kwa hakimu. Je, umemwandikia? Anasemaje?

Nduguyo mwenye kukuombea,
Masha


Kisauni,
10 Machi 1948

Kwa mume wangu Kombe,

Sijui kama nina haki ya kukuita hivyo. Naandika kwa anwani ya gereza ulilokuwapo mara ya mwisho. Nakuomba uisome mpaka mwisho, ingawa mimi sikukufanyia wewe hivyo.

Masha amekiri. Marobota yale ni yeye aliyeyaiba, akayatia chini ya kitanda chetu, na kiapo chake kilikuwa cha uongo. Ameniandikia kwa mkono wake, barua ninayo. Ulisema kweli tangu siku ya kwanza.

Uliniletea barua sita. Ile ya kwanza niliisoma. Uliniapia kwamba hukuiba, nami nikakujibu kwamba mtu asiyetubu hana mke, usiniite mkeo mpaka utakapokiri. Zile tano zilizofuata nilizirudisha posta zimefungwa, na kila moja niliandika juu yake kwa mkono wangu kwamba irudishwe. Wazee wa Changamwe walisikia, wakanisifu. Walisema huyu ni mwanamke aliyempenda Bwana kuliko mume mwizi. Mwaka uliofuata, kwa barua yao ya sifa, nilifanywa kiongozi wa akina mama huku Kisauni. Nilifurahi, Kombe. Nakwambia kweli, nilifurahi.

Niliuacha mji wetu wa Changamwe nikahamia huku Kisauni, ninafundisha watoto wadogo kusoma. Kache ana miaka saba. Anasoma vizuri, meno ya mbele yametoka mapya. Anafanana na wewe anapokasirika.

Nataka kukuomba unisamehe. Nilipofika hapa nikaona kwamba ninaandika kama Masha, maneno yale yale, nikaiweka kalamu chini. Sasa nimeichukua tena kwa sababu sina maneno mengine. Nisamehe. Ukitoka, nyumba ninayokaa ni ya tatu kutoka kanisani, na mlango utakuwa wazi.

Nimekwambia yote.

Kahaso


Kisauni,
30 Machi 1948

Masha,

Jumapili ya Pasaka nilikuja Changamwe. Hukuniona, nilikaa nyuma kabisa pamoja na wageni kutoka Jomvu. Nilikuja kwa sababu nilidhani labda utasema pale, mbele ya watu, na kwamba ukisema pale hutaweza tena kurudi nyuma.

Ulisimama vizuri. Umenenepa kidogo, macho yako ni meupe. Ulisema ulikuwa mlevi. Ulisema ulikuwa mgomvi na mzinzi. Wanawake walitikisa vichwa kwa huruma. Kisha nikashika ubao wa benchi, nikingoja. Ukasema, “na mengineyo.” Watu wote wakaitikia amina, wakaanza kuimba, ukaingizwa majini.

Mume wangu ni mengineyo. Miaka yake ni mengineyo.

Nilitoka kabla ya wimbo kwisha. Mwalimu wako Musyoka alinifuata hadi njiani akaniuliza mimi ni nani. Nikamwambia. Hakuniuliza zaidi, kwa hiyo nadhani alikuwa ameshakisia.

Nimemwandikia Kombe. Hajajibu.

Kahaso


Rumande, Mombasa,
2 Mei 1948

Dada Kahaso,

Shikamoo. Nimekwenda.

Neno langu lile ulilonirudishia halikuniacha. Kazini nalisikia, nikila nalisikia. Mwalimu Musyoka alikuja chumbani kwangu akasema, “Nilikuosha shati, Masha. Hili siwezi kukuosha.” Kesho yake tukaenda pamoja. Yeye alikaa nje kwenye benchi, mimi nikaingia.

Mzungu wa polisi alinisikiliza, kisha akamwambia askari anuse mdomo wangu. Askari akanusa akasema hamna kitu. Nikamwambia ni miezi saba. Wakaniambia nirudi Alhamisi. Niliporudi faili lilikuwa mezani. Akalifungua, akasoma, akasema mtu huyu amekwisha kutoka. Kombe alipunguziwa kwa tabia njema, ametoka tangu tarehe kumi na nne Februari. Kisha akaniuliza sasa mimi nataka nini.

Dada, nilipokuwa nikikuandikia kwamba naogopa, yeye alikuwa ameshamaliza. Alimaliza yote, mpaka siku ya mwisho waliyomwekea. Nikasema nataka iandikwe kwamba si yeye. Akaandika, nikatia sahihi, wakanitia pingu hapo hapo.

Reli wamekwisha kuniandikia kwamba sina kazi. Wazee wawili walikuja kunitazama. Nilidhani wamekuja kuniombea. Walisema nimefukua kilichozikwa, nimelitia kanisa aibu mbele ya serikali, na jina langu litatolewa katika kitabu mpaka watakapoona mwenendo wangu nikitoka. Nilikubaliwa nilipoficha, nimekataliwa nilipofichua. Mwalimu Musyoka huniletea uji kila Jumatatu na Alhamisi, lakini naye ameambiwa aache.

Sikuandikii uniambie neno lile. Nataka kujua moja tu. Amekuja kwako? Februari mpaka sasa ni miezi miwili na zaidi.

Masha


Likoni,
6 Juni 1948

Kahaso,

Salamu. Barua yako ya Machi ilifika gerezani nimekwisha kutoka. Karani alimpa mtu mmoja niliyefungwa naye, Kenga, ambaye alijua ninakokwenda. Alitoka mwezi uliopita, akaniletea mfukoni mwa suruali. Imechakaa lakini inasomeka. Nimeisoma mpaka mwisho, kama ulivyoomba.

Nilipotoka niliambiwa umehamia Kisauni, nikaja. Ilikuwa Jumapili. Nilisimama upande wa pili wa njia, mbele ya kanisa. Ulikuwa umevaa nyeupe, unawapanga akina mama wenzako kwa safu, na mtoto ameshika kanga yako. Nilimjua kabla sijamwona uso. Palikuwa na mzee mmoja anauza madafu, nikamwuliza yule mtoto ni wa nani. Akasema ni wa mwalimu Kahaso, maskini, baba yake alikufa vitani. Nikamwuliza nani amemwambia hivyo. Akasema mtoto mwenyewe husema, na mama yake yuko pale anasikia.

Katika barua yako umesema umeniambia yote. Hilo hukuniambia.

Nikarudi, nikavuka feri, nikatembea Likoni mpaka nikachoka. Nilipochoka ndipo palipokuwa na shamba la mzee Mbwana. Nilimwambia nimetoka jela. Akaniuliza, “Umekula?” Mkewe, Mwanasaumu, akaniletea muhogo na chai. Mpaka leo hawajaniuliza nilifungwa kwa nini. Napalilia minazi yao, naishi katika kibanda kando ya kisima. Jioni wao huenda kuswali, mimi hukaa. Sijasilimu, na kanisani siendi. Huniachia sahani yangu imefunikwa.

Habari ya Masha si mpya kwangu. Mwaka wa 1946 aliletwa gerezani mtu wa Jomvu, ndiye aliyekuwa ayanunue yale mablanketi. Alinieleza kila kitu. Nikakuandikia usiku huo huo. Ni ile barua ya tatu. Niliandika jina la Masha, na jina la mtu yule, na la mwingine aliyeshuhudia. Niliambiwa na askari wa gereza kwamba mke akienda na barua ile kwa wakili, huenda kesi ikasikilizwa tena. Nilingoja. Ikarudi na mwandiko wako juu yake. Nikadhani labda umekosea, nikatuma ya nne, na ya tano. Ya sita ilikuwa ya kukuuliza habari za mtoto tu. Hiyo nayo ikarudi. Ninazo zote tano. Sikuletei, maana hazitakufaa sasa.

Sikuchukii. Nilikuchukia mwaka mmoja hivi, kisha ile chuki ikaisha yenyewe, na mahali pake hapakuingia kitu. Kwako sitarudi. Mlango unaosema utakuwa wazi, tafadhali uufunge, usikae ukiutazama.

Ninataka kumwona mtoto. Mwambie mimi ni mzima. Mwambie wewe mwenyewe, usimtume mtu, na usimpambie. Ukishamwambia, mlete feri siku ya Jumamosi, saa nne za asubuhi, upande wa Likoni.

Kombe


Kisauni,
25 Julai 1948

Masha,

Nilisikia kwa Mwalimu Musyoka kwamba umepewa mwaka mmoja na nusu, na kwamba hukujitetea. Amenipa anwani hii.

Uliniuliza kama Kombe amekuja kwangu. Alikuja Februari, akasimama ng'ambo ya njia, akarudi. Nilikuwa nimemwambia Kache kwamba baba yake amekufa vitani. Niliona ni afadhali awe mtoto wa marehemu kuliko mtoto wa mwizi. Naye alijua jina lako tangu 1946, akaniandikia, na barua ile niliirudisha bila kuifungua. Laiti ningeifungua, ungekamatwa wewe wakati ule, na yeye angetoka baada ya mwaka mmoja.

Nilimwambia Kache siku niliyoipata barua ya baba yake. Nilimkalisha kitandani nikamwambia baba yu hai. Alifikiri sana. Akaniuliza, “Alikuwa wapi alipokuwa amekufa?” Nikasema jela. Akauliza aliiba nini. Nikasema hakuiba. Akauliza sasa kwa nini. Nikakutaja jina, kisha nikajitaja mimi. Alikwenda uani akacheza peke yake mpaka nilipomwita kula, na siku mbili hakusema nami ila kuitika.

Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya akina mama nikawaambia yote, na la kifo cha uongo nikalisema. Walilia wakanikumbatia. Mama Kaviha akasema, “Ulidanganywa, mwenzetu, huna kosa.” Nikawaambia wewe ulinidanganya habari ya mablanketi, lakini hakuna aliyenidanganya nisifungue bahasha. Hawakulipenda neno hilo. Walitaka nilie tu. Nimewarudishia kitabu chao na ufunguo wa sanduku, sasa anaongoza mwingine. Kanisani bado nakwenda. Nakaa nyuma.

Masha, ulifanya lililokupasa ulipokwenda bomani, nalisema hilo ulijue. Lakini sijakusamehe. Nakuombea kila siku kwa kuwa ndivyo nilivyofundishwa, nataja jina lako, halafu moyo unabaki pale pale. Huenda siku moja ukasogea. Sitakwambia umesogea kabla haujasogea, maana maneno ya namna hiyo nimeyasema ya kutosha. Usirudie mnazi. Hilo nakuomba, si kwa ajili yangu.

Kache alipokubali kwenda nilimwandikia Kombe, na jana tulikwenda feri. Nilimvisha gauni la buluu nililolipiga pasi mara mbili. Kombe alikuwa amekwisha kufika, amesimama pembeni ya watu wanaoshuka na baiskeli na vikapu. Amekonda, na nywele za mbele ni nyeupe. Nilitaka kumwamkia, nikaona hanitazami. Nikamwachia Kache mkono nikamwambia yule pale.

Alikwenda peke yake. Alipomfikia alisimama wima, mikono nyuma, kama ninavyomfundisha asimame mbele ya watu asiowajua, akasema, “Shikamoo.”

Kombe akaitika marahaba. Kisha akageukia upande wa maji, akakaa hivyo muda mrefu, mtoto akimngoja, kabla ya kugeuka tena na kumpa mkono. Wakaenda. Mimi nikapanda feri ile ile nikarudi, nikakaa upande wa Kisiwani kumngojea mpaka saa kumi.

Jumamosi nitampeleka tena.

Kahaso